Mtoto wa kupasuliwa kichwa: jinsi ya kumlaza, kumlinda na kumwamsha salama

Tuseme kesho asubuhi una mtoto wa miezi minne, kilo tano na nusu, kichwa kimejaa maji na anawekewa shanti (mpira wa kupunguzia maji ya kichwani), na baada yake kuna wa miaka sita mwenye uvimbe wa ubongo sehemu ya nyuma. Nawaandikia wenzangu mnaofanya kazi ya usingizi, hasa wale ambao watoto wa kichwa hawawafikii kila wiki, manake nyie ndo mnaolala na wasiwasi usiku wa kuamkia hiyo siku, na mi huo wasiwasi naujua vizuri. Kitu kimoja nataka ukishike kabla ya vingine vyote: shuka za upasuaji zikishafunikwa, kichwa si chako tena. Uso huuoni, mdomo huufikii, kanula (ile sindano ya plastiki ya mshipani) iko chini ya shuka, na meza yenyewe mara nyingi imegeuzwa mtoto akawa mbali na mashine yako. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni ile ya kabla ya shuka, alafu ile ya kumwamsha. Hapo katikati unakaa macho na unahesabu.

Tuanze na lile fuvu lenyewe. Alexander Monro mwaka 1783 na George Kellie mwaka 1824 ndo waliotuachia lile wazo kwamba fuvu ni chombo kilichofungwa, ndani mna ubongo, damu na maji ya ubongo, kimoja kikiongezeka kingine lazima kipungue, isipokuwa hivyo presha ya ndani inapanda. Kwa watoto wadogo watu hujidanganya hapa, wanasema si utosi uko wazi, fuvu litatanuka tu. Linatanuka kweli, lakini taratibu, kwa wiki na miezi, ndo maana unaona kichwa kikubwa vile na mtoto bado ananyonya na kucheka. Damu ikivuja ghafla humo ndani au shanti ikiziba kwa mara moja utosi haumwokoi. Na utosi wa mbele kwa watoto wengi unafunga kati ya mwaka na mwaka na nusu, wa nyuma unafunga ndani ya miezi miwili mitatu ya mwanzo, kwa hiyo huyo wa miaka sita hana hata hiyo nafasi.

Kinachosukuma damu iingie kwenye ubongo ni ile presha ya wastani ya mishipa ukitoa presha ya ndani ya fuvu. Mtoto ana wastani wa milimita 55 za zebaki, ndani ya fuvu kuna 20, kilichobaki ni 35, na hiyo ni ndogo, kwa watoto walioumia kichwa tunataka kibaki angalau 40 mpaka 50. Sasa fikiria dawa zetu za kulaza, karibu zote zinashusha presha ya mwili, mtoto hajala, katapika siku tatu, alafu unamsukumia propofoli (dawa ya usingizi) kwa mkono mmoja kama mtu mzima wa hernia. Ubongo unakauka damu hata kabla daktari hajanawa mikono. Hilo ndo kosa ninaloliogopa kuliko kisu chenyewe.

Upande wa pili kuna kaboni dayoksaidi, sisi tunaiita kaboni tu. Ikipanda, mishipa ya ubongo inatanuka, damu inajaa, presha ya ndani inapanda. Ikishuka sana mishipa inabana mpaka ubongo unakosa damu. Kwa hiyo unaishika kati ya milimita 35 na 40 za zebaki na unakaa hapo. Ile tabia ya zamani ya kumpumulisha mtoto haraka haraka tangu mwanzo mpaka mwisho achana nayo, kupumulisha kwa kasi ni kwa dharura tu, mboni moja imetanuka, moyo umeanza kwenda polepole na presha imepanda, hapo unashusha kaboni mpaka 30 hivi kwa muda mfupi wakati manitoli (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo) inaingia au daktari anafungua, basi.

Siku ya kumwona wodini

Kaa na mama au yeyote anayemlea, usisimame mlangoni. Muulize anatapika mara ngapi, anatapika asubuhi, ananyonyaje, analala sana kuliko zamani, kilio chake kimebadilika? Mama akikwambia "sikuhizi analia kama paka" mwamini, kilio chembamba kwa mtoto mwenye kichwa kikubwa ni dalili. Angalia macho, yale yanayotazama chini kama jua linazama yanakwambia presha ya ndani imepanda. Gusa utosi akiwa ametulia na amekalishwa, sio akiwa analia manake akilia kila utosi unajaa. Muulize kuhusu kupaliwa na kukohoa akinywa, hasa kwa uvimbe wa nyuma ya kichwa, manake mishipa ya fahamu ya koo inaweza kuwa imeshaguswa na mapafu yana maziwa tayari.

Anayetapika muda mrefu amekauka maji na potasiamu yake inaweza kuwa chini, mpe dripu ya chumvi ya kawaida usiku huo, usiache asubuhi ndo uanze kuhangaika. Pima damu, sodiamu, potasiamu, sukari, na hakikisha kundi la damu limepimwa na damu iko tayari, kwa shanti mara chache utaihitaji ila kwa uvimbe au kwa mafuvu yaliyoungana mapema usianze kabla hujaiona damu kwa macho yako. Dawa za kifafa anaendelea nazo, hata asubuhi ya upasuaji anameza na maji kidogo. Kumbuka mbili kuhusu hizo dawa: fenitoini na kabamazepini akizitumia muda mrefu zinafanya rokuroniamu (dawa ya kulegeza misuli) iishe haraka kwa hiyo utarudia mapema kuliko ulivyozoea, na valproeti inaweza kusumbua chembe sahani na ugandaji wa damu, kwa hiyo angalia chembe sahani kabla.

Mtoto wa mgongo wazi ambaye amepasuliwa mara nyingi mchukulie kama ana mzio wa mpira wa lateksi mpaka itakapothibitika hana. Toa glovu za lateksi chumbani asubuhi hiyo, usisubiri vipele vitoke.

Kufunga kula ni masaa 6 kwa chakula na maziwa ya kopo, masaa 4 kwa maziwa ya mama, na maji au juisi isiyo na nyama nyama masaa 2, sikuhizi sehemu nyingi wanaruhusu maji mpaka saa 1 kabla. Mwandikie mama saa kamili kwenye karatasi, "mnyonyeshe mara ya mwisho saa kumi alfajiri", usimwambie tu asile toka usiku wa manane manake mtoto wa miezi minne akikaa masaa kumi bila kitu sukari inashuka na maji yanaisha. Dawa ya kumtuliza kabla ya kuingia, ile midazolamu ya kunywa nusu miligramu kwa kilo, inafaa kwa mtoto mwenye hofu ambaye presha ya ndani ya fuvu haijapanda. Aliyelegea na anasinzia usimpe kabisa, atapumua kidogo, kaboni itapanda na hamna atakayekuwa anamwangalia njiani.

Chumba chenyewe na kumlaza

Washa joto la chumba kabla hajaingia, 24 mpaka 26 kwa mchanga, madaktari watalalamika jasho, waambie wavumilie mpaka mtoto afunikwe. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu moja ya tano ya ngozi yake yote, na hicho ndo tunachokinyoa, tunakilowesha na kukiacha wazi. Blanketi la hewa ya moto chini yake, maji ya kuoshea yawe ya moto wa mwili, dripu ipite kwenye kipashio. Unataka 36 na kitu, lakini usizidishe ukampikia ubongo, homa inaongeza njaa ya ubongo na hatutaki hiyo pia.

Kumlaza, ukiwa na kanula tayari tumia kanula: fentanili (ya maumivu) maikrogramu 2 mpaka 3 kwa kilo, propofoli miligramu 2 mpaka 3 kwa kilo lakini polepole huku unaangalia presha, rokuroniamu miligramu 1 kwa kilo, subiri ifanye kazi kabisa ndo uingize tyubu (bomba la kupumulia). Kukohoa juu ya tyubu kunapandisha presha ya fuvu vibaya sana. Kama hana kanula, usimshikilie watu wanne huku analia nusu saa mnatafuta mshipa, hicho kilio nacho kinapandisha presha, mpe sevoflureni kwa maski, akilala tu saidia kupumua kaboni isipande, weka kanula, alafu endelea na dawa za mshipa na punguza gesi. Halotheni ukiwa nayo peke yake fahamu kwamba inatanua mishipa ya ubongo kuliko hizo nyingine, itumie kidogo na kwa muda mfupi. Gesi ya nitrasi achana nayo, inaongeza damu ya ubongo na ikikuta kiputo cha hewa inakikuza. Ketamini zamani tuliikataza kabisa kwa watoto hawa, sikuhizi tunajua kwamba kwa mtoto anayepumulishwa vizuri na kaboni imeshikwa haina ule ubaya tuliousoma, na kwa mtoto aliyepoteza damu na presha imeshuka inaweza kuwa ndo dawa salama zaidi kwako.

Kichwa kikubwa kinasukuma kidevu kifuani akilala chali, hutaona kitu kwenye koo. Weka shuka iliyokunjwa chini ya mabega na mgongo wote uinuke, kichwa kirudi usawa. Mtoto wa mgongo wazi mlaze chali huku kile kifuko kinaning'inia ndani ya duara la nguo lililokunjwa, au mlaze ubavu, lakini kifuko kisikandamizwe.

Tyubu sasa, na hapa ntakaa kidogo. Kwa tyubu yenye kaffu (kile kipira kinachojazwa hewa) gawanya umri kwa nne ujumlishe 3.5, kwa hiyo wa miaka sita ni namba 5. Kina cha mdomoni ni umri gawanya kwa mbili ujumlishe 12, kwake ni sentimita 15. Hizo fomula ni kwa waliozidi miaka miwili, kwa mchanga unategemea alama nyeusi za tyubu na masikio yako. Sasa elewa kwamba bomba la hewa la mtoto mchanga lote lina urefu wa sentimita 4 hadi 5 tu. Ukimwinamisha shingo tyubu inaingia ndani zaidi, ukimnyoosha kichwa nyuma inatoka nje. Pua ikienda chini tyubu inaenda chini, hivyo ndo nilivyofundishwa na sijasahau.

Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu, uvimbe wa nyuma ya kichwa, kalazwa kifudifudi. Nilisikiliza kifua akiwa chali, pande zote safi, nikafunga plasta nikaridhika. Daktari akainamisha shingo apate njia yake, shuka zikafunikwa. Dakika kumi baadaye oksijeni 99, alafu 96, alafu 91, na mashine inayosukuma hewa ambayo ilikuwa inatumia presha ya 18 sasa iko 27. Niliomba wasimame, nikaingia chini ya meza na tochi ya simu kichwa changu kikiwa kinagusa nguzo ya meza, nikashika tyubu pale mdomoni ikiwa imelowa mate, nikaivuta sentimita moja tu. Nikasubiri pumzi sita saba. 94. 97. Tyubu ilikuwa imeingia pafu la kulia. Tangu siku hiyo sifungi plasta ya mwisho mpaka shingo iwe kwenye mkao ule ule ambao daktari ataufanyia kazi, nasikiliza tena kifua pande zote hapo hapo, na naingiza vidole viwili kati ya kidevu na kifua. Visipoingia namwambia daktari apunguze kuinamisha, manake hapo hata mishipa ya shingo inayorudisha damu imebanwa, uso na ulimi vitavimba na ubongo nao utavimba.

Plasta iwe ile isiyotoka kwa mate, na kwa anayelala kifudifudi napenda nifunge mara mbili. Tyubu ya puani kwa wadogo inakaa vizuri zaidi kifudifudi kama huna kizuizi cha kuipitisha. Chukua pia tyubu ya pili, laringoskopu na maski uziweke kando ya machela, na machela ibaki mlangoni ili tyubu ikitoka akiwa kifudifudi mnaweza kumgeuza.

Kanula mbili nzuri kabla ya shuka, na uone zinavyotiririka kwa macho. Moja unganisha na mpira mrefu ambao unaufikia bila kuinua shuka. Laini ya mshipa wa ateri iwekwe kwa uvimbe, kwa mafuvu yaliyoungana na kwa chochote ambacho damu itamwagika, kipimo chake kiwe usawa wa sikio ndo kinakuonyesha presha inayofika kwenye ubongo. Kwa shanti ya kawaida sihangaiki nayo. Mpira wa mkojo kwa kazi ndefu. Macho yafungwe yakiwa na mafuta, na akilala kifudifudi hakikisha hamna kinachokandamiza jicho wala pua, pita na kidole ukague. Vile vibano vya chuma vya kushika kichwa mtoto wa chini ya miaka miwili mitatu fuvu lake ni jembamba kwa hiyo mara nyingi anawekwa kwenye kiti cha kichwa chenye umbo la kiatu cha farasi. Antibayotiki iingie ndani ya saa moja kabla ya kukata.

Kabla hawajakata ganzi ya ngozi ya kichwa inasaidia sana, bupivakeini isizidi miligramu 2.5 kwa kilo, na kwa ile ya asilimia 0.25 hiyo ni mililita moja kwa kilo. Kwa huyu wa kilo 5.5 ni mililita tano na nusu basi. Mkumbushe daktari hesabu hiyo kwa sauti manake yeye naye anakuja na bomba lake la ganzi na adrenalini, na mkijumlisha mnaweza kuzidi bila kujua.

Wakati wanaendelea

Gesi isizidi kipimo kimoja kamili, yani iwe chini ya ile inayofanya nusu ya watu wasitikisike wakikatwa, jazia na fentanili au remifentanili. Presha iwe karibu na ile aliyokuja nayo wodini, ndo maana ulitakiwa kuiandika. Dripu ni chumvi ya kawaida au maji mengine yenye uzito sawa na damu. Ile hesabu ya 4-2-1 iliyotokana na Holliday na Segar mwaka 1957 inakupa kiasi cha maji, ila maji hafifu yenye chumvi kidogo usimpe, yanaingia kwenye ubongo na kuuvimbisha. Ringa laktati ni hafifu kidogo, kidogo haimdhuru lakini usiijaze kwa masaa. Sukari usiiweke kwenye dripu ya mtoto mkubwa bila sababu, sukari nyingi inaumiza ubongo uliokosa damu, lakini mchanga pima kila saa, ikishuka mpe dextrosi ya asilimia 10 mililita 2 kwa kilo.

Daktari akisema ubongo umejaa, kabla hujakimbilia manitoli angalia vyako: kaboni ikoje, shingo imepinda, kichwa kimeinuliwa kidogo, mtoto amelala vya kutosha au misuli imeanza kuamka, gesi imezidi? Nusu ya mara nnazozikumbuka jibu lilikuwa hapo. Kama bado, manitoli robo mpaka gramu 1 kwa kilo kwa dakika 20 hivi, au maji ya chumvi ya asilimia 3 mililita 2 mpaka 5 kwa kilo. Ukitoa manitoli jua mkojo utamwagika, na presha itafuata mkojo kama hujajiandaa na maji.

Damu. Mtoto wa kilo 5.5 ana damu kama mililita 80 kwa kilo, jumla 440. Mililita 88 zikitoka ni moja ya tano ya damu yake yote, na hizo zinaweza kukaa kwenye shuka na pamba bila chupa ya kunyonya kuonyesha kitu. Hesabu mapema kiasi unachoweza kuvumilia: damu yote zidisha tofauti ya hematokriti (asilimia ya chembe nyekundu kwenye damu), gawanya kwa ile ya mwanzo. Ikiwa alianza na 36 na hutaki ishuke chini ya 25, ni 440 mara 11 gawanya 36, kama mililita 134. Iandike hiyo namba kwenye karatasi yako kwa kalamu nyekundu. Pima uzito wa pamba zilizolowa, gramu moja ni karibu mililita moja. Nesi mwenye mzani mdogo hapo ndani ni rafiki yako wa siku nzima. Damu mililita 10 kwa kilo inapandisha hemoglobini kwa gramu 2 hadi 3 kwa desilita hivi. Ipashe joto, na kama unaisukuma haraka kumbuka damu iliyokaa benki muda mrefu ina potasiamu nyingi, omba iliyo mpya, na kalsiamu iwe mkononi, ile gluconeti ya asilimia 10 nusu mililita kwa kilo polepole. Kwa mafuvu yaliyoungana anza asidi ya traneksamiki mapema, miligramu 10 mpaka 15 kwa kilo alafu 5 kwa kilo kwa saa.

Moyo ukishuka ghafla au presha ikiruka kwenye kazi ya nyuma ya kichwa, usikimbilie atropini (dawa ya kuharakisha moyo) kwanza. Sema "daktari simama". Mara nyingi ameegemea shina la ubongo, akiondoa mkono moyo unarudi wenyewe, na ukiwa umeshampa atropini umemfichia daktari kengele yake. Kwa ile kazi ya kutoboa njia ya maji kwa kamera, ambayo Benjamin Warf aliiunganisha na kuchoma mishipa inayotengeneza maji ya ubongo pale Mbale, Uganda, watoto wengi wakaishi bila shanti, moyo ukipungua muulize kama maji ya kuoshea yanatoka au yanaingia tu. Yakiziba kutoka yanabaki ndani na kusukuma.

Hewa kuingia kwenye mshipa: kichwa kikiwa juu ya moyo na mfupa uko wazi inaweza kuvuta hewa. Kwa mchanga hata akiwa amelala bapa, ukubwa wa kichwa unakipeleka juu ya moyo wake. Ishara ya kwanza ni kaboni kwenye monita kushuka ghafla, presha inafuata. Mwambie daktari amwage maji ya chumvi juu ya kidonda chote na apake nta ya mfupa, wewe oksijeni 100, shusha kichwa, bana mishipa ya shingo kwa vidole, maji haraka, adrenalini maikrogramu 1 kwa kilo ukiongeza taratibu, na kama una laini ya mshipa mkubwa wa katikati vuta hewa kwa bomba.

Na andika. Kila dakika tano, mapigo, presha, oksijeni, kaboni, joto, damu. Harvey Cushing, yule yule wa upasuaji wa ubongo, mwaka 1894 akiwa bado mwanafunzi ndo yeye na mwenzake Amory Codman walianza kuweka chati za wagonjwa waliolazwa kwa etha. Chati yako ndo inayokuonyesha mstari unaoshuka kabla wewe mwenyewe hujaamini.

Kumwamsha

Usitoe tyubu kwa sababu orodha ni ndefu. Namtaka mtoto aliyefungua macho, anayesukuma mkono wangu, anapumua mwenyewe vizuri, ana joto, misuli imerudi kabisa, na anakohoa nikinyonya mate. Kuondoa dawa ya misuli ni neostigmini maikrogramu 50 kwa kilo na atropini 20, au sugamadeksi kama unayo. Aliyepasuliwa nyuma ya kichwa, au aliyelala kifudifudi masaa sita na ulimi umevimba, au aliyepoteza damu nyingi, au aliyeingia thieta akiwa amelegea, huyo abaki na tyubu apelekwe ICU, hakuna aibu hapo. Nikitoa, natoa akiwa ametulia, fentanili kidogo au lignokeini miligramu 1 kwa kilo dakika mbili kabla inapunguza kukohoa.

Asipoamka kama ulivyotegemea, pima sukari, kaboni, joto, angalia mboni, fikiria degedege lisiloonekana na dawa zilizobaki, na kama vyote viko sawa mpelekeni kwenye sitiskani haraka, usimalize saa moja mnabishana mlangoni.

Maumivu yapo, kichwa kinauma na mtoto asiyeongea analia kwa hilo. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila masaa 6 kwa saa, isiwe ya akilia ndo apewe, na morfini kidogo kwa mshipa akiwa anaangaliwa, miligramu 0.05 kwa kilo. Kodini usimpe kabisa mtoto wa chini ya miaka 12. Ondansetroni 0.1 kwa kilo manake kutapika kunapandisha presha ya kichwa. Mchanga aliyezaliwa njiti na bado hajafikisha wiki 60 toka mimba itungwe alale kwenye monita usiku kucha, anaweza kusahau kupumua.

Ukimkabidhi ICU usiseme "kila kitu safi". Sema amepoteza mililita ngapi, amepewa ngapi, mboni zilikuwaje mara ya mwisho, dawa ya mwisho saa ngapi, na daktari aligusa nini. Kama uvimbe ulikuwa karibu na tezi ya pituitari, mwonyeshe nesi mfuko wa mkojo na mkubaliane namba. Mtoto wa kilo 12 akitoa zaidi ya mililita 48 kwa saa, saa mbili mfululizo, na mkojo ni mweupe kama maji, apime sodiamu hapo hapo na anipigie, hata iwe saa tisa usiku.